Wasee, Mnauziwa Vipoozaji Bure: Shida ni Volteji

Leo sitazunguka. Kuna biashara inaendelea mtaani na kwenye simu zenu, na inakula pesa za watu ambao hawana pesa. Msee ananunua kompyuta ya mezani, anaona video ya dakika moja ya jamaa akisukuma prosesa hadi gigahezi 5, naye anaingia BIOS anasukuma. Joto linaruka hadi digrii 95. Anauliza kwa komenti afanye nini. Majibu ni yale yale: nunua kipoozaji kikubwa. Cha maji. Chenye taa. Linki iko kwa bio.

Hakuna anayemuuliza swali la kwanza ambalo fundi anayejua kazi angeuliza: umeweka volteji ngapi?

Nitasema wazi na mniite hater mkitaka. Wengi wenu mnaoovakloki hamna shida ya kipoozaji. Mna shida ya volteji ambayo mazabodi imejichagulia yenyewe, na nyinyi hamjawahi kuiangalia. Na wale wanaowaambia mnunue vifaa wanajua hilo, au hawajui chochote na bado wanawauzia. Sijui ni gani mbaya zaidi.

Twende na namba, ju maneno matupu kila mtu anayo.

Chukua Core i7-7700K, prosesa ya Intel iliyotoka Januari 2017 ambayo leo unaipata mitumba. Bila kuguswa inafika gigahezi 4.5. Wewe unataka 5. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 11. Ili isimame hapo bila kukrashi, tuseme volteji imetoka 1.20 ikafika 1.40. Sasa joto ambalo prosesa inatoa linafuata volteji mara volteji, halafu mara mwendo. Piga hesabu na simu yako: joto limepanda kwa asilimia 51. Umepata mwendo wa 11, umelipa joto la 51.

Mimi niliacha kampasi, lakini hii si hesabu ya kampasi. Ukisoma fizikia ya kidato cha tatu, ile sura ya umeme unavyotoa joto, volteji ilikuwa na kile ki-2 kidogo juu yake. Wengi tulikikariri kwa mtihani tukakisahau. Ndicho kinachochoma prosesa yako sahi.

Endelea na hesabu. Tuseme chumba chako kiko digrii 25 na prosesa ilikuwa inafika 70 ikifanya kazi. Yaani imezidi chumba kwa 45. Ongeza asilimia 51, inazidi chumba kwa 68. Jumla ni 93. Mpe msee wa Mombasa mashine hiyo hiyo, chumba kikiwa digrii 32. Yake inagonga 100, na 100 ndio mwisho wa hiyo prosesa. Ikifika hapo inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Kwa hivyo huyo msee wa Mombasa ameovakloki, amelipia umeme zaidi, na huenda mashine yake inakimbia polepole kuliko kabla hajaigusa.

Na nyinyi wa Nairobi msijione mko poa kwa sababu ya baridi ya Julai. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15, na feni inapoza kwa kusukuma hewa. Feni ile ile, kelele ile ile, hewa kidogo. Wale wanaojaribu vipoozaji kule kwao Ulaya na Marekani, wengi wao kwenye studio yenye ubaridi wa mashine, hawakuwa wanafikiria keja yako ya Kasarani. Matokeo yao yanaweza kukuonyesha kipoozaji kipi kinashinda kingine, lakini usitarajie digrii zao kwako.

Sasa, kwa nini kipoozaji kikubwa hakiokoi? Kwa hiyo 7700K, Intel waliweka pesti kati ya silikoni yenyewe na kile kifuniko cha chuma unachokiona juu. Si risasi ya kulehemu, pesti. Walifanya hivyo kwa prosesa zao za kawaida za mezani kuanzia 2012, wakarudi kulehemu zile kubwa mwishoni mwa 2018. Maana yake joto linakwama ndani, chini ya kifuniko, kabla halijafika kwa kipoozaji chako. Unaweza kuweka mtambo wa elfu ishirini juu, na kile kizuizi bado kipo chini. Mwaka 2017 watu walipolalamika kuhusu joto la prosesa hiyo, jibu la Intel lilikuwa kwamba hawapendekezi uipeleke juu ya kiwango chake. Waliuza prosesa iliyofunguliwa kwa ajili ya kuovakloki, halafu wakasema usiovakloki. Noma.

Kuna jamaa aliniletea mashine kama hiyo. Digrii 97. Duka moja lilikuwa limemuuzia kipoozaji cha maji, shilingi 14,000 zilizotoka kwa pesa za kuediti video za harusi. Baada ya kukifunga alipata 94. Digrii tatu kwa elfu kumi na nne. Niliingia BIOS, volteji ilikuwa kwa Auto na mazabodi ilikuwa inalisha 1.42. Nikaiweka 1.26, mwendo gigahezi 4.8. Ikashuka hadi 78. Kazi ya dakika arobaini, na nyingi zilikuwa za kusubiri jaribio liishe.

Hicho ndicho kinaniudhi. Si suala la gemu tu. Hiyo mashine inalipa rent ya mtu.

Basi kabla hujatoa hata shilingi, fanya hivi.

Kwanza, rudisha kila kitu kwa kawaida halafu pima. HWiNFO ni bure. Angalia joto la kila kori, volteji, wati na mwendo. Kama inachemka hata bila kuovakloki, shida yako ni vumbi, pesti au kipoozaji kilichofungwa vibaya. Na ikiwa ni ile OptiPlex ya ex-UK, kumbuka hiyo huwezi kuovakloki hata ukifunga na kuomba. Imefungwa. Joto lake ni pesti iliyokauka miaka na vumbi la ofisi ya watu. Isafishe, weka pesti mpya, saizi ya punje ya njegere inatosha. Na tafadhali, dawa ya meno si pesti.

Pili, angalia joto linavyopanda. Hapa ndipo ukweli uko. Ukianzisha Cinebench na joto liruke hadi 95 ndani ya sekunde moja au mbili, joto halitoki kwa prosesa kwenda kwa kipoozaji. Ama volteji ni kubwa mno, ama mguso ni mbaya. Fungua uangalie, kuna watu wamefunga kipoozaji na ile karatasi ya plastiki bado iko chini. Kori moja ikizidi wenzake kwa digrii 15, skrubu huenda zimekazwa upande. Lakini joto likipanda polepole kwa dakika kumi au ishirini, prosesa haina makosa. Hewa ya moto imekwama ndani ya kasha. Toa kifuniko cha pembeni ujaribu tena. Ikishuka vizuri, unahitaji njia ya hewa, na feni mbili za bei ya chini zinaweza kumaliza hiyo stori. Kwa kipoozaji cha maji, hakikisha pampu inazunguka. Ikisoma sifuri, umebeba chupa ya maji ya moto.

Tatu, toa volteji kwa Auto. Weka namba wewe mwenyewe, shuka kwa hatua ya 0.025, pima kila hatua. Ikikrashi, panda hatua moja na ubaki hapo. Ichoshe lakini usijiue na presha: Prime95 ikiwa kwa mpangilio wake mkali zaidi inatoa joto ambalo gemu yako haitawahi kutoa. Jaribu na kazi yako halisi pia.

Najua mtakachosema. "Kuovakloki ni raha, wacha watu wafurahie." Sawa. Mimi pia naovakloki. Raha haijawahi kunisumbua. Kinachonisumbua ni kumwambia mtoto wa miaka kumi na saba kwamba joto linatibiwa na M-Pesa. Na hesabu ya faida tuifanye: asilimia 11, ikienda vizuri kabisa, inageuza kurenda kwa dakika 10 kuwa dakika 9. Kwa gemu, kama kadi yako ya picha ndiyo inayolemewa, na kwa wengi wenu ndiyo, huoni kitu.

Mwingine atasema prosesa za sasa zimejengwa kuvumilia. Zingine kweli. AMD walipotoa Ryzen 7000 Septemba 2022 walisema zimeundwa kufika digrii 95 zikifanya kazi nzito, na hiyo ni kawaida yake. Kwa hivyo usipanic ukiiona. Lakini angalia upande wa pili. Mwaka 2024 Intel walikubali kwamba prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikijiombea volteji kupita kiasi, zikaanza kukrashi na kuharibika. Walitoa marekebisho Agosti, wakaongeza miaka miwili ya waranti. Ile iliyokwisha kuharibika haikuponywa na marekebisho. Hizo ni mashine ambazo wengine hawakuwa wameziovakloki hata kidogo. Kama kiwanda chenyewe kilikosea volteji, Auto ya mazabodi yako unaiamini kwa nini?

Tena hizi mpya zinakuja zimesukumwa karibu na mwisho tayari. Hakuna kubwa lililobaki la kuchukua juu. Kilichobaki ni chini: punguza volteji, weka kikomo cha wati, washa Eco Mode kama una Ryzen. Unapoteza mwendo kidogo, mara nyingi hata huuhisi. Unapata ukimya, tokeni zinakaa, na chuma inaishi. Lakini hakuna mtu atakufanyia video ya hiyo, ju haina linki ya kuuza.

Kwa creators wenzangu: mkipeana linki, peaneni pia volteji. Mkionyesha gigahezi 5, onyesheni na joto baada ya dakika thelathini, si sekunde kumi. Kama hamwezi, basi hiyo ni tangazo, liiteni tangazo.

Na wewe ambaye mashine yako inachemka sahi: kabla ya kutuma pesa yoyote, weka hapa kwa komenti prosesa gani, volteji ngapi, wati ngapi, na joto lilichukua sekunde ngapi kupanda. Tutaangalia pamoja. Ushauri ni bure.