Avoka mmoja kwa muuzaji na mnunuzi: anamlinda nani?

Katika miji kama Butembo, Beni na Bunia, mara nyingi komisionere analeta mnunuzi wa parsele, avoka anaandika karatasi ya mauzo, na pande zote mbili zinamlipa avoka huyo huyo. Wakaaji wengi wanaona ni jambo la kawaida, tena la bei rahisi. Lakini hapo ndipo matatizo yanaanzia.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimama juu ya cheti cha konservatere, si juu ya karatasi ya mauzo peke yake. Kwa hiyo mnunuzi anahitaji mtu wa kumuulizia: cheti kiko kwa jina la nani? Warizi wote wamekubali? Naye muuzaji anahitaji mtu wa kuuliza pesa zilizobaki zitalipwa lini. Avoka anayelipwa tu mauzo yakipita hana faida ya kuuliza hayo. Mjane akiambiwa «weka sahihi tu, mama», hana wa kumwambia asubiri.

Ugomvi ukifika tribinali, mambo yanazidi. Avoka huyo anajua siri za wote wawili. Akimtetea mmoja, ni vigumu asitumie yale aliyoambiwa na mwingine, hali sheria ya makosa inaazibu anayetoa siri za kazi yake.

Wengine watasema maskini hawezi kulipa avoka wawili. Ni kweli. Lakini kesi ya miaka mitano inakula zaidi, na wakati mwingine inakula parsele yenyewe. Kama pande mbili zinataka avoka mmoja, basi iandikwe mbele ya kutoa pesa: anatumikia nani, analipwa na nani, anapata ngapi mauzo yakipita. Na ugomvi ukizaliwa, aache dosye ya wote wawili.

Baraza la Baro lina uwezo wa kuonya avoka, kumsimamisha, hata kumfuta. Lakini ni vigumu liazibu jambo ambalo hakuna aliyelipeleka kwa batonye. Kazi inaanza kwa mteja mwenyewe, mbele ya kuweka sahihi, na ulizo moja lisilo na haya: «Maître, leo uko upande wa nani?»