Mtoni Wakati wa Kipupwe

Ndugu msomaji, ziko kazi ambazo ukizitaja mbele ya mzazi wa kijana anayetafuta ajira, mzazi huyo atadhani unamfanyia mzaha. Mojawapo ni kazi ya kuongoza wavuvi. Mwongozaji havui yeye mwenyewe, wala hauzi samaki. Kazi yake ni kumpeleka mtu mwingine mtoni, kumwonyesha mahali samaki alipojificha, kumfungia ndoana, kumshika mkono anapoteleza juu ya mawe, na jioni kumrudisha kwa wenyewe akiwa mzima. Ujira wake hutokana na ujuzi wake wa maji, si na uzito wa kikapu.

Uvuvi wenyewe si ule wa nyavu, wala si wa mshipi wenye mnyoo. Ndoana ndogo huvikwa manyoya ya ndege na nyuzi za rangi mpaka ikafanana na mdudu aliyeanguka majini. Kwa kuwa mdudu huyo wa bandia hana uzito, kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, ambao hutengenezwa mzito makusudi. Mvuvi huupeleka nyuma na mbele angani mpaka upate mwendo, kisha huulaza juu ya maji taratibu, kama mama amlazavyo mtoto aliyekwisha kusinzia. Si ufundi wa jana. Aelian, mwandishi wa Kirumi aliyeishi yapata miaka 1,800 iliyopita, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoana zao sufu nyekundu na manyoya ya jogoo.

Afrika Mashariki ufundi huo uliletwa na walowezi. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta samaki aina ya trauti kutoka Uskoti wakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Baadaye trauti walipandikizwa pia katika vijito vya baridi vya nyanda za juu za Tanganyika. Siku hizi mgeni anayekuja nchini kwa uvuvi wa namna hiyo hatafuti trauti. Huenda katika mito ya Mnyera na Ruhudji, bonde la Kilombero, kumtafuta samaki mwenye meno marefu yaliyopandana kama ya mtego, ndugu wa yule ambaye watu wa Kigoma humwita kibebe. Aina hiyo ya mito ya mashariki ilipewa na wataalamu, mwaka 1986, jina lenye jina la nchi yetu ndani yake: Hydrocynus tanzaniae. Mgeni humvua, humpima, hupigwa naye picha, kisha humrudisha majini.

Najua unavyocheka, ndugu msomaji. Mtu avuke bahari, alipe fedha ambazo zingemsomesha mtoto miaka kadhaa, kisha samaki amwache aende zake! Nami nilicheka niliposikia mara ya kwanza. Lakini samaki aliyerudishwa leo huweza kuvuliwa tena mwakani na mgeni mwingine, na kijana wa kijijini aliyeajiriwa kusukuma mashua hupata mshahara mara mbili kwa samaki yule yule. Hesabu hiyo haina kosa. Swali ni la nani mto huo, na nani anaruhusiwa kuufikia. Kwa swali hilo hatuna haja ya kwenda Kilombero. Twende Inyonga.

Inyonga, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa tarafa ya Wilaya ya Mpanda, sasa ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele katika Mkoa wa Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Wasomaji wengi huijua kwa asali yake, nao wana haki. Lakini kaskazini mwa misitu hiyo ya miyombo uko mto Ugalla, unaopeleka maji yake katika Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika. Masika mto huo hufurika ukaenea mbugani. Kiangazi hugeuka: maji huacha kutiririka, yakabaki madimbwi marefu yaliyotengana, na ndani yake wamesongamana samaki, viboko na mamba. Kambale, perege na wenzao hawana pa kukimbilia. Kwa hiyo huko msimu wa mvuvi ni kiangazi, unaofunguliwa na baridi ya kipupwe, wakati ambapo usiku moto hauzimwi kambini.

Ugalla ilipokuwa Pori la Akiba, hadhi iliyoipata miaka ya 1960, wavuvi na warina asali waliruhusiwa kuingia kwa kibali katika miezi ya kiangazi. Baba aliondoka na chumvi, unga na nyavu, akarudi na samaki waliokaushwa kwa moshi. Samaki hao ndio waliokuwa kitoweo, ada ya shule na sabuni. Mwaka 2019 pori hilo lilipandishwa hadhi likawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na ndani ya hifadhi za taifa uvuvi wa kutafuta riziki hauruhusiwi.

Sababu za uamuzi wa namna hiyo si za kudharauliwa. Kambi ya wavuvi hukata kuni za kukaushia samaki, na nyuma ya mvuvi mwenye kibali aghalabu hujificha mwenye mtego wa waya. Tena mto huu ni sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo tangu mwaka 2000 imo katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, na maji yake yanatumiwa na watu wengi walio mbali sana na Inyonga. Yote hayo nayakubali. Pamoja na hayo, nasema kwamba mtu aliyezuiwa mto wa baba yake hatulizwi kwa kuambiwa habari za orodha. Anayejua kila dimbwi la Ugalla kwa jina lake ndiye angekuwa wa kwanza kuajiriwa siku mgeni atakapohitaji mtu wa kumwonyesha njia. Ujuzi huo haumo katika vitabu. Umo katika vichwa vya wazee, na wazee hawangojei.

Mmoja wao nilimkuta Tabora mwezi wa Julai. Alizaliwa Inyonga, akavua Ugalla kila kiangazi tangu alipokuwa kijana, na sasa anaishi kwa mwanawe, mfanyakazi wa reli. Mkono wake wa kushoto haufanyi kazi sawasawa tangu alipopatwa na kiharusi. Mke wa mwanawe alinieleza kando kwamba mzee hakuwa akila vizuri, na kwamba siku nzima alikuwa akitazama ukuta.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umetoka Dar es Salaam? Huko mnakula samaki wa barafu.”

Nilipomtajia Ugalla, aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza. Alinieleza kwamba wakati wa kipupwe mjinga huamka alfajiri kwenda kuvua, akarudi na mafua. Samaki hana moto wake mwenyewe ndani ya mwili; maji yakipoa naye hupoa, hana haraka ya kula. Mwenye akili hungoja jua lipande, maji ya kando yapate uvuguvugu. (Nilimwuliza baadaye mtaalamu wa uvuvi, akasema mzee hakukosea hata neno.) Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Kundi lake liliporudi nyumbani, mzigo wa kwanza haukufunguliwa mpaka watoe fungu la nyumba ambazo hazikuwa na mtu wa kwenda mtoni: mjane, mgonjwa, mzee asiye na mtoto.

“Hilo fungu lilikuwa kubwa kiasi gani, mzee?”

“Kiasi cha kutuona haya kama tungelipunguza.”

Nchi nyingine wamelipanga jambo hilo kwa vyama na ratiba. Huko Marekani, tangu mwaka 1996, chama kiitwacho Casting for Recovery huwapeleka mtoni bila malipo wanawake waliougua saratani ya matiti. Mwendo ule wa mkono wa kurusha mshipi hufanana na mazoezi ambayo waganga huwapa baada ya upasuaji ili bega lisikakamae. Mwaka 2005 kilianza kingine, Project Healing Waters, kwa ajili ya askari walioumia vitani; kilianzia katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed. Waongozaji hujitolea siku zao. Mtu aliyepoteza mkono hufundishwa kufunga ndoana kwa mkono uliobaki na meno. Hakuna anayedai kwamba mto huponya saratani. Wanachosema ni kwamba mgonjwa aliyekaa saa nne akitazama maji amekaa saa nne bila ya kuitwa mgonjwa.

Mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kumsindikiza mtu wake katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road anajua kwamba bahari iko mbele ya geti, ng’ambo ya barabara. Wapo waliokuja kutoka Katavi ambao hawakuwahi kuiona bahari kabla ya kuugua. Je, ni wangapi kati yetu tuliomshika mgonjwa mkono tukamvusha barabara hiyo akakaa nusu saa mchangani, kama daktari ameruhusu? Chama hakihitajiki kwa hilo.

Turudi Tabora. Nilimweleza mwana wa mzee habari za wale askari. Hakusema kitu, lakini Jumamosi iliyofuata aliazima gari la jirani, akampakia baba yake, watoto watatu, kigoda na fito mbili, tukaenda bwawa la Igombe. Safari hiyo ilitanguliwa na ugomvi kidogo, kwa sababu mama wa watoto aliogopa maji, naye alikuwa na haki.

Kwa hiyo, msomaji unayetaka kuwapeleka wako, yazingatie haya. Uliza kwanza wenyeji kama pana mamba, nao wakinyamaza, hesabu kwamba yupo. Mwone ofisa uvuvi wa wilaya ujue kama unahitaji leseni, maana Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haimbagui mtu wa Jumamosi. Watoto wasiingie majini. Vijidudu vya kichocho hutoka ndani ya konokono kwa wingi jua linapopanda, yaani saa zile zile ambazo mzee anasema samaki wa kipupwe huamka. Basi vueni mkiwa nchi kavu, tena mbali na majani ya kando. Ukiona mtu anaponda utupa ili awalewesha samaki, au anatandaza chandarua cha kuzuia mbu, waondoe watoto hapo na uwaeleze sababu: chandarua hukusanya hata vifaranga wa samaki walio kama punje ya mchele, na mwakani bwawa ni maji matupu.

Mzee aliketi kwenye kigoda chake ukingoni, blanketi begani, akaanza kutoa amri. Nilishangaa jinsi sauti ilivyomrudia. Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka kumi na mmoja, alifundishwa kufunga fundo la ndoana kwa mkono mmoja, kwa kuwa babu mwenyewe hakuweza kumwonyesha kwa miwili. Alikosea mara nyingi. Yule wa kiume alitupa mshipi juu ya mti. Mchana kutwa tulipata perege watatu, na mmoja mzee aliamuru arudishwe kwa kuwa alikuwa mdogo. Mjukuu alilalamika kwamba wawili hawatoshi watu saba.

“Hatuwali sisi,” alisema babu. “Ni wa mama yule wa nyumba ya tatu. Mumewe alikuwa mvuvi?”

“Hapana, babu. Alikuwa mwalimu.”

“Si kitu. Mpelekee.”

Mama huyo alipopelekewa perege wawili wadogo ndani ya bakuli alidhani watoto wametumwa kuuza, akauliza bei. Alipoelezwa, alikaa chini barazani kwanza. Jioni ile mzee alikula ugali wake wote, na mke wa mwanawe akaja kunionyesha sahani tupu kana kwamba ni cheti cha shule.

Lakini Igombe si Ugalla, na mzee hakuacha kulisema hilo. Hataki kuvua huko tena. Anasema amekwisha elewa habari za hifadhi. Anataka kuuona tu. Mwanawe amekumbuka jambo ambalo mfanyakazi wa reli angepaswa kulikumbuka mapema: reli inayotoka Kaliua kwenda Mpanda, iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, inauvuka mto Ugalla. Nilipoondoka Tabora, alikuwa ameshapeleka ombi la likizo ya Agosti. Mzee naye alikuwa na neno moja tu la kuuliza, nalo alimwuliza kila aliyepita mlangoni: treni ikikaribia daraja, akae dirisha la upande gani ili ayaone maji yanakotoka.