Bima ya safari: Kinachofichwa kwenye fomu hudaiwa hospitalini

KWA wasafiri wengi wanaotoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Ulaya, bima ya safari ni karatasi moja zaidi katika bahasha ya maombi ya viza. Hununuliwa siku chache kabla ya miadi ya ubalozini, mara nyingi kupitia wakala wa tiketi, na fomu yake hujazwa kwa haraka. Swali linalouliza kama msafiri ana maradhi yoyote hujibiwa "hapana", wakati mwingine kwa mkono wa wakala mwenyewe bila mhusika kuulizwa.

Jibu hilo ndilo linaloweza kuamua iwapo karatasi hiyo itakuwa na thamani yoyote siku msafiri akiugua ugenini.

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na masharti ya viza yenyewe. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 inamtaka mwombaji wa viza ya Schengen awe na bima isiyopungua euro 30,000, inayotumika katika nchi zote za eneo hilo, na inayogharimia matibabu ya dharura pamoja na kurejeshwa nyumbani akiugua au akifariki dunia. Ofisa wa viza hukagua kiwango, nchi na tarehe. Si kazi yake kuchunguza kama kampuni ya bima imeambiwa ukweli kuhusu kisukari cha mwombaji. Hivyo cheti kinaweza kukubaliwa bila tatizo ubalozini na kisifae kitu katika hospitali ya Frankfurt.

Chukulia mfano wa mama wa miaka 62 anayekwenda kumsalimia mwanawe. Ana shinikizo la damu, humeza vidonge viwili kila asubuhi na hujiona mzima. Katika mazungumzo ya kawaida, mgonjwa ni yule aliyelala. Anayemeza dawa yake kisha akaenda sokoni hahesabiwi kuwa mgonjwa. Mama huyo anapojibu "hapana", huenda hadanganyi hata kidogo kwa jinsi anavyolielewa swali.

Kampuni ya bima hailielewi hivyo. Kwa kawaida mikataba huhesabu kuwa ugonjwa uliokuwapo kabla ni hali yoyote iliyotambuliwa na daktari, iliyotibiwa, au hata iliyoonyesha dalili na inasubiri vipimo, ndani ya kipindi kinachotajwa katika mkataba. Mingine huuliza pia kama dozi imebadilishwa hivi karibuni, kwa kuwa mabadiliko ya dawa huchukuliwa kuwa ishara kwamba hali haijatulia.

Akipata kiharusi huko, siri hiyo haidumu. Madaktari watauliza kwanza anatumia dawa gani, na hakuna mtoto atakayeficha jina la dawa ya mama yake aliye mahututi. Jibu huandikwa katika faili, na faili hiyo ndiyo kampuni ya bima huiomba kabla ya kulipa.

Msingi wa kisheria wa jambo hili ni wa zamani. Mwaka 1766, katika shauri la Carter dhidi ya Boehm lililohusu ngome ya Waingereza huko Sumatra, Jaji Mansfield alieleza kwamba mkataba wa bima hutegemea uaminifu wa hali ya juu, kwa sababu mkata bima ndiye anayejua mambo ambayo mtoa bima hayajui. Kinachosahaulika ni kwamba katika shauri hilo mkata bima alishinda.

Uingereza yenyewe imelegeza msingi huo kwa wateja wa kawaida. Sheria yake ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Aprili 2013, ilimwondolea mteja wajibu wa kukisia kampuni ingependa kujua nini. Sasa anatakiwa kujibu maswali anayoulizwa kwa uangalifu unaostahili. Akikosea kwa uzembe, na kampuni ingemkubali kwa ada kubwa zaidi, fidia hupunguzwa kwa uwiano: aliyelipa pauni 60 badala ya 120 hulipwa nusu. Aliyedanganya kwa makusudi anaweza kukosa yote. Tangu Aprili 2021, kampuni za huko zinapowanyima bima wagonjwa au kuwatoza ada ya juu sana kwa sababu ya afya, hutakiwa pia kuwaelekeza kwenye orodha ya kampuni zinazohudumia watu kama wao.

Nafuu hiyo haimfuati aliyenunua bima yake Kariakoo. Tanzania na Kenya zilirithi misingi ya sheria ya bima kutoka Uingereza, lakini sheria hiyo mpya haigusi mikataba inayoandikwa chini ya sheria zao.

Wanaokwenda Uingereza wana mtego mwingine. Nchi hiyo haidai bima kwa viza ya matembezi, hivyo wengi husafiri bila bima. Huduma katika kitengo cha dharura cha hospitali za umma ni bure, lakini mgeni akishalazwa hutozwa, kwa kawaida asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Deni la kuanzia pauni 500 lisipolipwa kwa miezi miwili huweza kuripotiwa uhamiaji na kuwa sababu ya kunyimwa viza baadaye.

Kumlaumu msafiri peke yake si haki. Wakala anayejaza "hapana" ili tiketi na bima viuzwe pamoja hana anachopoteza, na maswali mengi ya fomu yameandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Hata kusema ukweli hakutoshi kila mara, kwani baadhi ya mikataba huondoa kabisa maradhi ya awali, na mwenye kisukari hulazimika kuulizia nyongeza ya kinga na kuilipia. Ugonjwa ukigundulika baada ya bima kununuliwa lakini kabla ya safari, mikataba mingi hutaka kampuni iarifiwe.

Kwa Tanzania, mteja anayeona madai yake yamekataliwa isivyo haki anaweza kulifikisha suala kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Atakapofika huko, ushahidi utakaotazamwa ni fomu ile ile aliyoitia saini, ambayo wasafiri wengi hawakuomba nakala yake.