Gari likiibwa: bima inalipa nini, na mwenye gari anadaiwa nini?



Miongoni mwa masuala tunayoulizwa mara kwa mara ni hili la gari lililoibwa. Mtu amelipia bima, gari limechukuliwa usiku, kampuni imekataa kulipa. Hutuuliza: je, hii si dhulma? Nasi humuuliza kwanza: ulikata bima gani? Wengi, kwa masikitiko, hawajui.

Bima inayolazimishwa na sheria hapa Tanzania ni ile watu waiitayo bima ndogo. Hiyo humfidia mtu mwingine ambaye gari lako limemdhuru, basi. Ukiamka asubuhi ukakuta gari halipo, au kioo kimevunjwa na redio imeng'olewa, bima ndogo haina habari nawe. Wizi umo katika bima kubwa, na katika ile ya kati inayoongeza moto na wizi. Bei ndiyo inayowashinda watu. Gari la shilingi milioni 20, kwa ada ya asilimia 3.5, ni shilingi 700,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Hatumlaumu baba mwenye watoto wanne shuleni anayeishia kwenye ndogo. Tunamlaumu aliyemuuzia pasina kumwambia kwamba wizi haumo. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, na hatuoni kwa nini karatasi ya bima isalimike na hukumu hiyo.

Hata mwenye bima kubwa asidhani atarejeshewa kila kitu. Fidia hupimwa kwa thamani ya gari siku lilipopotea, si kwa bei uliyolinunulia miaka mitano nyuma. Kipo pia kiasi ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe katika kila dai, na ndiyo maana wizi wa kioo kimoja cha pembeni mara nyingi haufiki hata kwenye meza ya kampuni. Kompyuta au mkoba ulioachwa kitini kwa kawaida haumo, kwa kuwa kilichokatiwa bima ni gari.

Yapo masharti mawili yanayowakasirisha watu, ambayo aliyesoma fiqhi hatayaona mageni. La kwanza ni la ulinzi: gari lifungwe, ufunguo usiachwe ndani. Wanavyuoni wetu, walipozungumzia wizi, walishurutisha mali iwe imechukuliwa kutoka katika hirzi, yaani mahali ambapo mali ya namna ile huhifadhiwa kwa desturi. Gari lililoachwa linanguruma mbele ya duka halina hirzi. La pili ni la mtu uliyemwamini. Dereva uliyemkabidhi gari kwa hiari yako akatokomea nalo, sera nyingi za bima hazimhesabu kuwa mwizi. Fiqhi nayo huwatenga wawili hawa: mwizi huchukua kwa siri, khaini hupewa mkononi. Anayempa kijana gari lake alifanyie teksi, ilhali kampuni ameiambia ni la matumizi ya nyumbani, ana tatizo kubwa zaidi ya hilo.

Hapa ndipo mtihani unapoingia nyumbani. Kampuni itataka namba ya taarifa ya polisi, kadi ya gari, funguo zote mbili, na maelezo yako. Baba anajua kwamba aliacha ufunguo kwenye swichi. Mama anajua. Jirani anashauri: sema ulilifunga, nani atakuona? Na gari lile ndilo lililokuwa likibeba biashara ya familia nzima. Hatuuchukulii uzito huo kwa wepesi. Lakini fedha ile imetoka katika ada za watu wengine, wakiwamo wajane na wenye magari chakavu, na atakayeichukua kwa maneno ya uongo amekula mali yao.

Wapo wanaojitetea kwamba bima ya biashara yenyewe ni haramu, hivyo kuichukulia kampuni si dhambi. Ni kweli kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, liliikataza bima ya biashara yenye ada maalumu kwa sababu ya gharari, likaikubali ile ya kusaidiana. Sheikh Mustafa al-Zarqa, kwa upande wake, aliijuzisha. Hakuna katika pande hizo mbili aliyehalalisha uongo. Kwa anayeweza kupata takaful, kama ile ya Takaful Insurance of Africa iliyoanza Kenya mwaka 2011, aitazame; huko mchango unatajwa waziwazi kuwa ni wa kusaidiana.

Kampuni nazo zisijifiche nyuma ya uchunguzi wa polisi miezi na miezi. Aliyesema kweli akanyimwa haki yake anayo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nayo imewekwa kwa ajili yake.

Limebaki swali la gari kupatikana baada ya fidia kulipwa. Hapo gari ni mali ya kampuni, kwani imekwisha kulipa thamani yake. Mwenyewe akilipata limetelekezwa mahali, aiarifu kampuni, asilirejeshe uani kwake kimyakimya.