Jarida la Simu si la Bure

Kuna wale wanaodai kwamba majarida ya kandanda, katuni, muziki na mitindo yanafifia kwa sababu vijana wetu hawapendi kusoma. Mimi siafiki madai hayo. Kilichobadilika si hamu ya kusoma, bali ni mkono unaolipa gharama.

Nilipokuwa nikifundisha Kawangware, nilizoea kusimama kwa muuza magazeti karibu na kituo cha 46. Majarida makuukuu ya kandanda kutoka Uingereza yalikuwa yametandazwa juu ya gunia. Mwanafunzi mmoja akinunua nakala Jumatatu, kufikia Ijumaa ilikuwa imezunguka darasa zima, kurasa zikiwa zimelegea. Bei ya nakala moja ilibebwa na wasomaji zaidi ya thelathini.

Mchapishaji naye alikuwa na hesabu yake ngumu. Karatasi, wino, mitambo na usafiri vilimgharimu kabla hajauza nakala hata moja. Bei aliyotoza ilifidia sehemu tu. Iliyosalia ilitoka kwa watangazaji wa bidhaa. Ndiyo sababu hata majarida yaliyopendwa hayakudumu. Joe, lililoanzishwa jijini Nairobi na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973, lilikoma mwaka 1979. Baadaye mambo yalizidi kuwa magumu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009 na kukaa kimya kwa miaka kadhaa, kisha sheria ya mwaka 2013 ikaweka kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu, magazeti na majarida. Watangazaji nao wakaanza kuhamia kwenye simu.

Ni kweli kwamba intaneti imemwondolea mchapishaji mzigo mkubwa. Kijana wa Kibera mwenye kipaji cha kuchora anaweza leo kuwafikia maelfu bila kumpigia magoti mwenye mtambo wa kuchapisha. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, gharama haikutoweka. Imehamishiwa kwa msomaji. Yeye ndiye anayenunua simu, anayelipia umeme wa kuichaji na anayenunua data. Serikali nayo hutoza ushuru juu ya data hiyo: mwaka 2021 ulipandishwa hadi asilimia 20, na mwaka 2023 ukateremshwa hadi 15.

Zamani tangazo lilimpunguzia msomaji bei. Siku hizi tangazo la video humla data yake, naye hulilipia apende asipende. Tena data aliyonunua mmoja haizunguki darasa zima kama ile nakala ya Kawangware.

Anayeshuku kwamba vijana watasoma akumbuke kijarida cha katuni cha Shujaaz, kilichoanza mwaka 2010. Kiliandikwa kwa Sheng na kusambazwa bila malipo ndani ya gazeti na kupitia maduka ya M-Pesa. Kilisomwa mno, na mwaka 2012 kikapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Lakini tusijidanganye: karatasi yake haikuwa ya bure. Kulikuwa na wafadhili waliolipa mahali pa kijana.

Basi swali linalotukabili si karatasi au simu, bali ni nani atakayemlipia mtoto wa Laini Saba ambaye mamake huchagua kati ya data na unga. Maktaba ya umma ya Kibera ilitoa mfano mwema ilipowapa watoto tableti za kusomea, ambapo chombo kimoja huwafaa wengi. Shule zetu zaweza kufuata njia hiyo. Mwalimu akipakua jarida mara moja, alichapishe na kulibandika ukutani ikiwa mwenyewe ameruhusu, darasa zima litakuwa limelisoma kwa gharama ya mtu mmoja. Serikali nayo ingefaa ifikirie upya kodi inayotoza kwa pande zote mbili, kwenye karatasi na kwenye data. Tukikaa kimya, kusoma kwa kujifurahisha kutabaki kuwa starehe ya wenye pesa.