Umjue Mdudu Kabla ya Kumtafutia Sumu



Tulipokea barua fupi yenye maneno mazito. Mwandishi wake ni dada yetu, mzaliwa wa Mombasa, ambaye tangu aolewe anakaa Mountain View, kando ya Waiyaki Way, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Alisema kwamba nyumba yake imeingiliwa na kunguni, kwamba mwanawe wa miezi minane amebabuka shingoni, na kwamba jirani mwema amempatia vidonge vya kuhifadhia mahindi aviweke chini ya kitanda usiku mmoja tu, “wafe wote.” Mwisho akauliza kwa haya: je, nguo yenye alama ya damu ya kunguni yafaa kuswaliwa?

Swali la nguo lilikuwa jepesi. Mafakihi wa madhehebu ya Imam Shafi wameisamehe damu ya viroboto, chawa na kunguni iliyoingia nguoni, kwa kuwa ni shida kujiepusha nayo. Aliyeweza kufua na afue, na asiyeweza asiiache swala. Vidonge ndivyo vilivyotuondolea usingizi. Siku ile ile tulimpigia simu tukamsihi asivifungue, na kesho yake tukaenda kumtazama.

Tuseme kwanza habari ya vidonge hivyo, maana si yeye peke yake aliyepewa ushauri huo. Vidonge vya ghalani vimetengenezwa kwa fosfidi ya alumini. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini, na gesi hiyo haibagui baina ya fukusi na mtoto mchanga. Hupenya katika nyufa, hupita juu ya dari na chini ya mlango, ikamfikia hata jirani aliyelala chumba cha pili. Hadi leo hakuna dawa mahususi ya kuivunja nguvu mtu akishaivuta. Imewekewa maghala na magunia yaliyofunikwa barabara, mikononi mwa wajuzi. Chumba anacholala binadamu si pahali pake kabisa.

Tulipofika tukamwomba dada yetu atuonyeshe adui mwenyewe. Alitupeleka kwenye dirisha la sebule, na hapo juu ya kizingiti tulikuta vidudu kama ishirini, vingine vimekufa, vingine vikitambaa kuelekea kwenye kioo. Tuliviweka juu ya kisahani cheupe, tukavipiga picha kwa simu na kuikuza. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa milimita mbili hadi tatu, rangi ya kahawia, umbo la yai, na kichwa kilichoinama chini hata ungedhani kina kibyongo. Tulipokigusa kimoja kwa ncha ya kijiti kilikunja miguu kikajifanya kimekufa, kisha kikakunjua mbawa kikaruka.

Hapo tukajua kwamba si kunguni. Kunguni hana mbawa za kurukia wala hakimbilii mwangaza. Ni bapa, mwekundu wa kahawia, na akikua hufikia milimita tano hivi, kadiri ya mbegu ya tufaha. Mchana hujificha kwenye mishono ya godoro na mianya ya kitanda, akaacha vitone vyeusi kama vya kalamu ya wino. Tulikunjua kila mshono wa magodoro ya nyumba ile kwa tochi, tusione kitone hata kimoja. Alama alizozidhania damu zilikuwa za majimaji ya jeraha la mtoto.

Vile vya dirishani ni mbawakawa wa viungo na tumbaku, na mdudu huyu hali damu ya mtu, bali hula vikavu vya jikoni. Basi tukauliza: je, kuna kifurushi chochote kilicholetwa kutoka nyumbani? Dada yetu akanyamaza kidogo, kisha akafungua kabati la chini. Kulikuwa na mfuko wa bizari ya pilau na pilipili kavu aliyotumiwa na mama yake kabla ya Ramadhani, akauweka kama amana, asiutumie wote. Tulipoufungua, bizari ilikuwa imegeuka vumbi lenye kutikisika. Machozi yalimlenga. “Nitamwambiaje mama?” alisema.

Yabaki malengelenge ya mtoto. Tulimtazama shingoni tukaona mstari mwekundu mrefu, wenye malengelenge madogo, kana kwamba mtu amemchora kwa kijiti chenye moto. Alama ya kunguni huwa vipele, mara nyingi kwa safu au kikundi. Tukauliza taa ya chumba cha mtoto huzimwa saa ngapi. Haizimwi, kwa sababu mtoto huogopa giza, na dirisha huwa wazi. Nao ulikuwa msimu wa mvua.

Wakazi wa Nairobi wanamfahamu mdudu huyo na jiji lenyewe limempa jina: nzi wa Nairobi. Lakini si nzi. Naye pia ni mbawakawa, mwembamba, mwenye urefu wa milimita saba hadi kumi. Kichwa cheusi, kifua chekundu, mbawa fupi zenye mng’ao wa buluu, tumbo jekundu na ncha nyeusi. Haumi wala hachomi kwa mwiba. Sumu yake, iitwayo pederini, imo mwilini mwake, na humfikia mtu pale mdudu anapopondwa juu ya ngozi. Mtu huhisi mtambao shingoni, hupiga kofi na kufuta, na kwa kufuta huko huichora sumu juu ya mwili wake mwenyewe. Ngozi hubadilika baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana wengi hawamkumbuki mdudu. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilipowazalisha kwa wingi nchini Kenya, watu wengi waliungua namna hii, na waliojigusa macho kwa vidole vyenye sumu walivimba macho.

Basi ukimwona juu ya mwili, usimponde. Mpulize, au mwekee karatasi apande, kisha umtoe nje. Akishapondeka, osha pahali hapo mara moja kwa maji mengi na sabuni, na usijiguse jicho. Kidonda cha kawaida hupona katika wiki mbili au tatu. Cha mtoto mchanga, au cha jicho, kipelekwe kwa daktari, na ndivyo dada yetu alivyofanya jioni ile. Nyakati za mvua zima taa zisizohitajika, weka wavu dirishani, na tandika chandarua juu ya kitanda cha mtoto.

Ndugu wasomaji, tazameni jinsi mambo yalivyokuwa. Wadudu wawili tofauti, mmoja wa kabatini na mmoja wa kwenye taa, walidhaniwa kuwa ni wa tatu ambaye hakuwamo. Lau vidonge vingewekwa chini ya kitanda, usiku wa pili nzi wa Nairobi angeingia tena kwa dirisha lile lile. Na mtoto aliyekusudiwa kulindwa, Mwenyezi Mungu atuepushie, huenda asingeamka.

Kwa ajili hiyo tunawaachia alama chache za kushika.

Katika mchele, ukiona kidudu cheusi au cha kahawia iliyoiva chenye mdomo mrefu kama mkonga wa ndovu, huyo ni fukusi. Jike hutoboa punje na kutaga ndani yake, kwa hivyo punje nzima kwa macho huenda ina buu tumboni. Katika unga utamkuta mwingine, mwekundu wa kahawia, bapa, asiye na mkonga. Akizidi, unga hunuka na haufai. Kunde na maharagwe yenye matundu mviringo kama madirisha yana fukusi wa namna yake.

Mahindi yanayogeuka unga ndani ya gunia yana dumuzi, mdudu mwenye umbo la kipande cha penseli. Asili yake ni Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania karibu na mwisho wa miaka ya 1970, na mwaka 1983 akaonekana Taveta, upande wetu wa mpaka.

Kwenye samani, vumbi laini kama poda chini ya vitundu vidogo ni kazi ya bungua, na njia za udongo ukutani ni za mchwa. Tusiwadharau walao mbao. Sote tumesoma habari ya kidudu cha ardhi kilichoila fimbo ya Nabii Suleiman, amani iwe juu yake, hadi mwili wake ukaanguka.

Dawa ya wadudu wa kabatini haihitaji sumu. Kitafute chakula walichozaliwa ndani yake, kifunge na ukitoe nyumbani. Safisha pembe za rafu kwa ufagio mdogo na kitambaa kikavu. Chakula kipya kikilale kwenye friza muda wa wiki moja, kisha kitiwe katika chombo cha kioo au plastiki ngumu chenye kifuniko cha kubana. Nunua kadiri ya matumizi ya mwezi, hata kama bei ya gunia huko Nyamakima inavutia. Ikilazimu kununua dawa, iwe ya dukani, yenye nembo, maelezo na namba ya usajili wa bodi ya serikali iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1982 kusimamia bidhaa hizi. Kichupa kisicho na jina usikiingize nyumbani.

Na je, mchele wenye fukusi ni haramu? Mafakihi wetu wa Kishafi wamesema kwamba mdudu aliyezaliwa ndani ya chakula, akawa ni mgumu kutenganishwa nacho, husamehewa kuliwa pamoja nacho, si peke yake. Pepeta, chagua, osha, upike. Usimwage neema ya Mola kwa fukusi watatu.

La mwisho ni la moyo. Dada yetu alikaa wiki mbili bila kumwambia mtu wa kwao, akiona aibu kuitwa mchafu, na aibu hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye vidonge. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mdudu wa bizari huingia jikoni safi kama aingiavyo jikoni chafu, kwa kuwa amekuja ndani ya mfuko. Mumewe alivirudisha vidonge dukani vilipotoka, vikiwa bado vimefungwa. Naye, mbele yetu, akampigia mama yake simu Mombasa na kumweleza yote. Upande wa pili bibi alicheka, kisha akasema: “Mwanangu, bizari nitakusagia nyingine. Mjukuu wangu hajambo?”

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshallah.