Kabla ya kulipia mbegu ya fahali, uliza amepimwa nini

Kama wewe ni kati ya vijana wanaoishi Nairobi, Nakuru au Eldoret lakini mnafuga ng'ombe ushago kwa njia ya simu, bila shaka unajua swali ambalo kila mtu huuliza kuhusu mbegu ya fahali: mabinti zake wanatoa lita ngapi? Ni swali zuri. Ila lipo lingine tunaloliruka, nalo ndilo linaloweza kukuumiza mfuko: je, fahali huyo amepimwa kasoro za jeni?

Tukiambiwa ng'ombe ana cheti cha ukoo, wengi wetu tunadhani mambo yamekwisha. Hapana. Cheti kinakwambia baba ni nani na babu ni nani. Hakikwambii babu aliacha nini kwenye damu, mpaka mtu apime.

Chukua Pawnee Farm Arlinda Chief, fahali wa Holstein aliyezaliwa Marekani mwaka 1962. Alizaa mabinti 16,000, wajukuu wa kike 500,000 na vitukuu wa kike zaidi ya milioni 2. Karatasi zake zilikuwa safi kabisa. Kumbe alibeba jeni moja mbovu. Ndama akiirithi kwa baba na kwa mama pia, hafiki kuzaliwa, anafia tumboni. Dalili zake zilionekana kwenye takwimu za jeni mwaka 2011, karibu nusu karne baadaye. Wanasayansi walikadiria kwamba mimba 525,000 ziliharibika duniani, hasara ya dola milioni 420. Na Friesian wetu wana damu hiyo hiyo ya Holstein, kwa hivyo usiseme hayo ni ya Wazungu.

Shida ni kwamba ng'ombe anayebeba kasoro hana dalili yoyote. Anakula, anakamuliwa, anang'aa. Ukimpandisha kwa fahali anayebeba kasoro ile ile, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 kupata nakala mbili mbovu. Hapo wewe huoni jeni. Unachoona ni simu kutoka nyumbani: ng'ombe amerudi joto. Unatuma pesa tena. Unamlaumu mhudumu wa AI, unamlaumu kijana wa shamba, wengine hata jirani hawamwachi.

Sisemi kila mimba inayotoka ni jeni. Lishe duni, kupandisha saa zisizofaa na ugonjwa wa brusela huharibu nyingi. Lakini hayo tunayachunguza. Hili la jeni hatuligusi.

Na kupima si miujiza. Unang'oa nywele za mkia zikiwa na mizizi yake, zinapelekwa maabara. Kwa fahali wa Holstein, matokeo huandikwa kwa herufi kando ya jina. TL maana yake amepimwa na hana BLAD, ugonjwa unaomnyima ndama kinga hadi afe akiwa mdogo. BL maana yake anaubeba. TV na CV ni vivyo hivyo kwa CVM, kasoro ya uti wa mgongo inayoua wengi kabla ya kuzaliwa.

Wauzaji wengine watakuambia ukiuliza sana utawafukuza mafahali wazuri. Uongo. Anayebeba kasoro si lazima achinjwe. Huyo Chief mwenyewe anakadiriwa kuleta maziwa ya dola bilioni 30 za ziada, hasara ile ukiilinganisha ni kidogo. Kinachotakiwa ni kutomkutanisha na ng'ombe anayebeba kasoro hiyo hiyo. Sasa utaepukaje kitu ulichofichwa? Ndiyo maana naona muuzaji anayetaja lita na kunyamazia herufi hizo hastahili pesa zako, hata mbegu yake ikiwa ya bei poa.

Kwa hivyo mhudumu akija na mtungi wake, mwambie akutumie kwa WhatsApp picha ya ukurasa wa fahali huyo kwenye katalogi kabla hajafungua chochote. Halafu mwombe aliye nyumbani aandike jina na nambari ya fahali kwenye daftari, pamoja na tarehe. Mtamba atakayezaliwa atahitaji kupandishwa baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, na wakati huo hakuna atakayekumbuka baba yake alikuwa nani.